Picha Hii Imetoka Wapi?

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu wa kisomo mbele ya wahitimu wa elimu ya watu wazima. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Mwaka 1973 vilipozuka vita kati ya Israel na nchi za Waarabu, sisi tulipata habari zake kwa redio. Mie nilikuwa mtoto. Mzee mwenye redio aliiweka barazani, watu wakakaa, wakasikiliza, taarifa ikaisha, kila mtu akaenda kulala. Aliyechagua habari zile alikuwa mtu ofisini kule Dar es Salaam. Alichague vizuri au vibaya, wote tulisikia jambo lile lile. Siku hizi kila mmoja ana redio yake mfukoni, tena yenye picha, na kila simu inasema lake.

Nimeombwa nizungumze juu ya simu na vita vya Gaza kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kijijini. Majirani wawili, watu wa kuazimana jembe, wameacha kusalimiana. Mmoja alitumiwa video, mwenzake akatumiwa video nyingine. Huyu anasema Waisraeli wote ni wauaji. Yule anasema Wapalestina wote ni wauaji. Hakuna kati yao aliyewahi kufika huko. Sitawataja. Mnawajua, na wote wawili wamo humu ndani.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Gaza ni kipande cha nchi kando ya bahari ya Mediterania. Urefu wake ni kama kilomita 41 tu, lakini wanakaa humo watu zaidi ya milioni 2. Ugomvi wa nchi ile ni wa zamani. Mwaka 1948 taifa la Israel lilipoanzishwa, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao. Watu wengi wa Gaza ni wakimbizi hao, na watoto wao, na wajukuu wao. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao walivunja uzio wakaingia Israel. Waliua watu wapatao 1,200 wakachukua mateka wapatao 250. Israel ikajibu kwa mabomu na majeshi. Mapigano yalisimamishwa kwa mapatano Oktoba 2025, ingawa watu waliendelea kuuawa hata baada ya hapo. Wizara ya Afya ya Gaza, iliyo chini ya Hamas, imehesabu zaidi ya watu 70,000 waliouawa, na Umoja wa Mataifa huzitumia hesabu hizo. Watu hawa wamekufa kweli, huku na huku. Tushike hilo kabla hatujaingia kwenye simu.

Tena si vita vya dini kama tunavyoambiwa. Wapo Wapalestina Wakristo. Na katika raia wa Israel, karibu mmoja kati ya watano ni Mwarabu.

Sasa tuje kwenye picha. Siku zile za kwanza za Oktoba 2023 picha nyingi zilizosambazwa eti za Gaza zilikuwa za vita vya Siria, za miaka ya nyuma. Nyingine hazikuwa za vita kabisa. Kuna mchezo wa kompyuta unaitwa Arma 3, watu hucheza wakijifanya wanajeshi. Video za mchezo huo zilipelekwa duniani kote kuwa ni ndege za vita zinatunguliwa. Wenye mchezo wao wenyewe walilazimika kusema: jamani, hiyo si vita, ni mchezo wetu.

Lakini kisa ninachotaka mkikumbuke ni cha hospitali ya al-Ahli katika mji wa Gaza. Ni hospitali ya Kanisa la Anglikana. Jioni ya tarehe 17 Oktoba 2023 palitokea mlipuko katika uwanja wake, mahali ambapo watu waliokimbia mabomu walikuwa wamejihifadhi. Haukupita muda, simu zote zikasema: Israel imepiga hospitali, watu 500 wamekufa. Israel ikasema si sisi, ni roketi ya kundi la Kipalestina la Islamic Jihad iliyoanguka njiani. Kundi hilo likakana. Usiku ule ule watu walijaa barabarani Amman na Beirut kwa hasira. Rais wa Marekani alikuwa akutane na viongozi wa Waarabu mjini Amman kesho yake. Mkutano ukafutwa.

Na hesabu? Wizara ya Gaza baadaye ilisema waliokufa ni 471. Wapelelezi wa Marekani walikadiria kati ya 100 na 300. Mwezi uliofuata shirika la Human Rights Watch, ambalo limeilaumu Israel kwa mengi, lilisema dalili zinaonyesha ilikuwa roketi ya aina ile inayotumiwa na makundi ya Kipalestina. Gazeti kubwa la Marekani, New York Times, likaandika kwamba taarifa zake za mwanzo zilitegemea mno maneno ya Hamas. Lakini je, nani alisoma masahihisho hayo? Wachache. Picha ya kwanza ilikwisha kaa moyoni.

Mtaniuliza, mwalimu, mbona jirani yangu anapata video za upande ule tu na mimi za upande huu tu? Kwenye Facebook, Instagram na TikTok kuna mtambo unaochagua. Mtambo unahesabu: huyu ametazama video hii mpaka mwisho, ile ameipita. Basi unamletea nyingine kama ile aliyoitazama, kesho nyingine tena. Hauna chuki wala mapenzi. Kampuni inapata fedha za matangazo kadiri unavyoendelea kutazama, na mtu mwenye hasira hutazama sana. WhatsApp haina mtambo wa namna hiyo. Huko wachaguzi ni sisi wenyewe, tunaotuma kwa kundi zima kabla hatujamaliza kutazama.

Mtambo pia hukosea, na kosa lake huumiza. Mwezi huo huo wa Oktoba 2023, kwenye Instagram, mtu akijiandika kuwa ni Mpalestina, akaweka bendera yake na neno la Kiarabu tunalolijua wote hapa, Alhamdulillahi, mtambo wa kutafsiri uliongeza wenyewe neno "magaidi". Mtu amemshukuru Mungu, anasomeka gaidi! Kampuni yenye Instagram iliomba radhi. Na mwezi Desemba, Human Rights Watch lilieleza kwamba lilikuta habari 1,050 zilizofutwa au kuzuiwa na kampuni hiyo, na 1,049 kati yake zilikuwa maneno ya amani ya kuwaunga mkono Wapalestina.

Wako pia wanaolipwa. Mwaka 2024 kampuni yenye Facebook ilifuta akaunti 510 za watu wasiokuwapo, zilizounganishwa na kampuni moja ya Israel. Zilikuwa zinajifanya ni raia wa kawaida wa Marekani na Kanada, wanaitetea Israel. Irani nayo imenaswa mara kadhaa kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Ukiona watu mia wanasema neno moja, huenda ni mtu mmoja mwenye mshahara.

Kwa hiyo tuseme yote ni uwongo? Hapana! Huyo anayesema hivyo naye amepotea. Israel haikuwaruhusu waandishi wa habari wa kigeni kuingia Gaza kwa uhuru wao. Waandishi wa Kipalestina ndio waliobaki, na zaidi ya 200 wameuawa. Bila simu za watu wa Gaza, dunia isingeona njaa wala nyumba zilizobomolewa. Huko Marekani, shirika la Pew liliwauliza watu: mwaka 2022, katika kila watu 100, watu 42 walikuwa na mawazo mabaya juu ya Israel, mwaka 2025 walikuwa 53. Si simu peke yake iliyofanya hivyo, vita vyenyewe vilionekana. Lakini vilionekana kwa simu.

Basi ukipata video, fanya kazi uliyofundishwa kisomoni: soma. Maandishi kwenye kibao cha duka ni ya lugha gani? Nani amepiga, lini? Kama WhatsApp inaonyesha mishale miwili, maana yake imepita mikono mingi, na aliyekutumia hajui ilikotoka. Mtoto wa sekondari anaweza kukusaidia kuitafuta picha hiyo Google, uone kama ilikuwapo miaka mitano iliyopita.

Jambo la mwisho. Siku ile ya Oktoba 7 vijana wetu wawili wa Tanzania waliokuwa Israel kujifunza kilimo waliuawa. Mwili wa mmoja ulikaa Gaza miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Video za kuuawa kwake zilitupwa mtandaoni, zikazunguka. Watu walizituma, wengine ili kuonyesha ubaya wa hawa, wengine ili kushangilia tu. Yule kijana ana wazazi, na wazazi wana simu.

Haya, nimesema mengi. Nawaomba wale ndugu zetu wawili waje hapa mbele na simu zao. Tuzitazame video zote mbili pamoja, tutafute zilikotoka. Na mwenye swali aulize.