Kucheka bakubwa, na karatasi mukononi



Leo hatutasema juu ya bei ya kobalti. Tutasema juu ya kucheka. Wamoja wameisha kutuuliza: inchi iko hivi, na ninyi munakuja kusolola juu ya vichekesho? Ndiyo. Ju kama kucheka ingekuwa kitu kidogo, Leta isingekiandikia sheria. Na sheria iko. Inaitwa ordonansi-sheria namba 300, inaazibu mutu anayemukosea heshima Mukubwa wa inchi, na ilitiwa sahihi tarehe 16 Desemba 1963, wakati wa Kasa-Vubu. Imepita ma-Prezida, imepita majina ya inchi, Kongo, Zaïre, tena Kongo. Ingali pale.

Sasa sikilizeni. Siku 12 kisha ile sahihi, tarehe 28 Desemba 1963, kule London, televizyo ya Leta ya Uingereza, BBC, ilionyesha kwa mara ya mwisho programu moja yenye jina ndefu: *That Was The Week That Was*. Waliifunga sababu mwaka wa 1964 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Hawakusema ni mubaya. Walisema uchaguzi unakuja. Hapa kwetu tunajua hiyo luga.

Ile programu ilianza tarehe 24 Novemba 1962. Ilikuwa inapita usiku wa posho, Jumamosi, saa watoto wameisha kulala. Muongozaji alikuwa kijana wa miaka 23, David Frost. Muke mumoja, Millicent Martin, alikuwa anafungua kwa wimbo, na kila juma maneno yalibadilika kufuatana na habari za lile juma. Kamera zilionekana wazi ndani ya studio, hakuna kujificha. Ilifika wakati watu milioni 12 wanaangalia.

Walifanya nini hasa? Hapa njo tunataka mukae kidogo na sisi, ju watu wengi wanafikiri kuchekesha ni kuiga sauti ya mukubwa na kutembea kama yeye. Siku moja wale vijana walichukua orodha ya wabunge ambao hawakufungua kinywa ndani ya Bunge tangu uchaguzi wa 1959, wakasoma majina yao. Ni hivyo tu. Hawakuongeza chumvi. Miaka mitatu na zaidi mutu anakula mushahara, anakaa kimya, na jina lake linasomwa usiku mbele ya mukwe wake. Siku ingine walimuchukua waziri wa mambo ya ndani, Henry Brooke, mutu aliyekuwa na neno la mwisho juu ya wageni wanaofukuzwa inchini, wakapanga maamuzi yake moja kisha ingine kama kusifu maisha yake. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa tayari ndani ya magazeti. Wao walikipanga tu. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, ju walielewa kama ni kweli.

Waziri wa kwanza, Macmillan, yeye pia walimucheka kila juma. Bakubwa wengine walitaka awanyamazishe. Alikataa, akaona ni afazali wamucheke kuliko wamusahau. Hatumusifu sana, alikuwa mwanasiasa na alijua hesabu yake. Lakini tungependa kuona mukubwa mumoja wa kwetu akipiga ile hesabu.

Na kuko hii, ya kuchekesha kweli. Programu ilikuwa ya mwisho ya usiku, kwa hiyo vijana walikuwa wanapitisha saa. BBC ikaweka filme ingine nyuma yao, ya kurudia, ili walazimike kumaliza. Frost akafanya nini? Mbele ya kufunga alikuwa anaeleza watu mwisho wa ile filme. Nani amekufa, nani ndiye muizi. Kisha majuma kidogo BBC ikaondoa filme. Kamarade, hiyo ni upinzani bila jiwe hata moja.

Tena walijua kunyamaza. Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963, siku ya Ijumaa. Kesho yake hawakuchekesha. Walikaa, wakaomboleza. Tunawaza juu ya Juni 2019, wakati udongo uliporomoka KOV, na zaidi ya watu 40 wakafia chini. Siku ile kulikuwa vichekesho vilipita ndani ya matelefone, juu ya wale wachimbaji, ati walifuata franga hadi ndani ya kaburi. Hapana. Hatuiiti ile kuchekesha.

Musiseme hii ni mambo ya bazungu. Sisi watu wa Katanga tuko na Mufwankolo. Wazazi wetu walimujua kwa radio, kisha kwa televizyo ya Lubumbashi, na Kiswahili chake kilikuwa kile kinasemwa uani, si cha kitabu. Jina lake la kweli ni Odilon Kyembe Kaswili. Mwaka wa 1986, wakati Mobutu alikuwa juu na hii provensi inaitwa Shaba, kundi lake lilicheza muchezo ndani ya kijiji cha Kawama, pembeni ya Lubumbashi, juu ya sultani na utawala wake, *Le pouvoir se mange entier*. Hawakuwa na maandiko ya kukariri: walipatana juu ya hadisi, kila mutu akatafuta maneno yake. Hakuna aliyetaja jina la Mobutu. Hakukuwa lazima. Kila aliyeangalia alijua kuko masultani wa kila aina.

Kuko pia ndugu zetu wa Kenya. Mwaka wa 2009 Gado, mutu wa Tanzania anayechora kule Nairobi, alianzisha *The XYZ Show*, masanamu ya mupira yenye sura za bakubwa. Alifuata masanamu ya Wafransa, *Les Guignols*, na Wafransa walikuwa wamefuata ya Waingereza, *Spitting Image* ya 1984. Mwiko umepita mikono mingi, bukari ni ile ile.

Basi kuko njia mbili: kutaja jina na kusoma karatasi, ao kusema sultani na kuacha watu watafute. Tunaheshimu njia ya Baba Mufwankolo. Ilimufaa kwa saa yake, na kuko siku itatufaa. Lakini sultani wa hadisi ana shida moja: kila mukubwa anacheka akifikiri ni jirani yake.

Na kuko kicheko cha tatu, kinachotuogopesha kuliko parke. Wakubwa wetu wanakumbuka 1992 na 1993, Likasi na hapa Kolwezi. Mbele ya watu wa Kasai kufukuzwa, mbele ya familia kulala kwenye gare majuma na majuma zikingoja treni, waliitwa bilulu. Wadudu. Na watu walicheka. Ilianza kama muzaha wa kwenye nganda. Kwa hiyo ndani ya hili kundi, muchezo wowote unaocheka kabila, ao mulemavu, ao muke anayeosha mawe kwenye mutoni, hautapita. Si ju ya adabu. Ju tunajua mwisho wa ile filme.

Tunataka tucheke tukiangalia juu. Kodi ya madini inagawanywa: kufuatana na sheria ya 2018, asilimia 15 inaenda kwa komini, kwa sekta ao kwa ushefu wenye mugodi ndani yake. Tena kila kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake ju ya maendeleo ya vijiji vilivyo karibu. Hizi si siri. Kwa hiyo muchezo wetu wa kwanza ni rahisi. Mutu mumoja anasoma hesabu iliyotangazwa. Mwingine anasimama mbele ya shule isiyo na mapaa, anauliza: asilimia yangu ilipita barabara gani? Kisha tunasoma wabunge wa provensi waliosema ndani ya kikao, na wale waliokaa kimya.

Kuko hatari, hatutawadanganya. Novemba 2021 kule Kinshasa, tume ya kuchunguza nyimbo ilikataza nyimbo za kundi la MPR na za Bob Elvis, ju zilisema hali ya inchi. Ule wa MPR ulifunguliwa tena siku kidogo nyuma, kila mutu alikuwa ameisha kuusikia. Na tangu 2023 kuko sheria ya mambo ya intaneti, nayo iko na azabu. Njo maana tunasema: neno bila karatasi halipandi jukwaani. Mwenye kutaja jina anaonyesha ukurasa.

Posho inayokuja tunakutana tena hapa, saa kumi. Wa Manika walete hesabu za Manika, wa Dilala za Dilala. Tunatafuta pia mutu wa kuimba habari za juma, na mwingine wa kucheza mubunge anayenyamaza. Huyo wa mwisho hana maneno ya kujifunza, lakini anapaswa kuja na koti.