Utumbo Unapouambia Ubongo "Imetosha"

 

Kambini wengi wetu tulihesabu mgao mpaka mwisho wa mwezi. Hapa chakula kipo kila kona, lakini mapumziko ya kazini ni nusu saa. Tunakula mbiombio, tunashushia soda, na mwaka hauishi nguo zimebana. Huo si ulafi. Hebu tuone tumbo linavyofanya kazi.

Katika ukuta wa utumbo kuna seli maalumu, kama moja katika kila mia. Kazi yake ni kutambua kinachopita. Zikikuta mafuta au protini mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hutoa homoni iitwayo CCK. Homoni hiyo huamsha neva inayopanda hadi kwenye ubongo, na tumbo hupunguza mwendo wa kusukuma chakula. Huko chini zaidi, seli nyingine hutoa GLP-1 na PYY, nazo huuambia ubongo: imetosha. GLP-1 pia huhimiza kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari kwenye damu.

Ujumbe huo huchukua muda, pengine dakika 20. Ukimaliza sahani kwa dakika 5 na kupakua nyingine, umekula kabla habari haijafika.

Basi tufanye nini? Maharage na mboga zetu za majani tusiziache. Maharage yana protini, na nyuzinyuzi zake huliwa na bakteria wa utumbo mpana. Wanachokitoa huziamsha seli zile zile. Soda hupita haraka, haishibishi kama chakula cha kutafuna, na sukari yake yote inaingia mwilini. Mezani tuweke maji. Kabla ya sahani ya pili, tuzungumze kidogo.

Na mtoto akisema ameshiba, tumwamini. Najua, kule kubakiza chakula kulikuwa dhambi. Hapa kilichobaki kinawekwa kwenye friji, kitaliwa kesho.

La mwisho. Baadhi ya sindano za kupunguza uzito zinazosifiwa siku hizi huiga GLP-1. Hizo ni dawa za kuandikiwa na daktari. Usinunue kwa rafiki wala mtandaoni. Ukiwa na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, nenda ukapimwe sukari. Omba mkalimani, usimtume mtoto akutafsirie.

 Sasa nasikiliza maswali yenu.