Bunduki Ndogo na Kitoweo



Kabla ya kuanza twaomba mkitazame kitu hiki kilichowekwa mezani juu ya karatasi nyeupe. Ni risasi moja, ndogo kama punje ya harage, nayo imebonyea upande mmoja. Uzito wake haufiki gramu 3. Habari yake tutawaeleza hapo mbele, na tutaieleza kwa aibu, maana ni sisi tulioipiga.

Ndugu kadhaa wameuliza katika mikutano yetu: Je, mtumishi akaaye mbali na bucha, naye ana watoto wa kulisha, aweza kununua bunduki ndogo ajipatie kitoweo porini? Swali hili si la mchezo. Sisi wa Kalinzi twalima kahawa, maharage na migomba, lakini kitoweo chetu kingi hupanda mlima kutoka ziwani, yaani dagaa na migebuka. Mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, sote tuliona jinsi maharage yanavyochosha yakiwa peke yake chunguni. Basi haishangazi mtu akiinua macho kutazama vichaka na kuwakumbuka kanga na sungura.

Jibu letu ni hili: aweza, ikiwa sheria imemruhusu, na ikiwa amekubali kwamba siku nyingi atarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu asiyekubali neno hilo la pili asinunue bunduki. Mengine yote tutakayosema yatoka katika neno hilo.

Twaanza na sheria, kwa kuwa sisi makarani ndio tunaowaandikia wenzetu barua na maombi, wala haifai tuvunje kwa mkono wa kuume tuliyoyaandika kwa mkono huo huo. Bunduki ina leseni yake, na kuwinda kuna leseni yake. Ya kwanza yafuata sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Ya pili yafuata Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwenye leseni ya bunduki bila ya leseni ya kuwinda ni mwenye bunduki tu. Akipiga mnyama wa porini amekuwa jangili, hata kama watoto wake wana njaa. Leseni hizo pia hazimpi mtu ruhusa ya kuingia katika hifadhi. Magharibi mwetu, ng'ambo ya mgongo wa milima, ipo Gombe, iliyotengwa mwaka 1943 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Sokwe wa kule hawajui mpaka wa ramani, na pengine hutoka nje yake. Sisi twaujua, na sokwe haguswi popote aonekanapo.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe. Si sisi wa kwanza kutafuta kitoweo kwa bunduki katika nchi hii. Stanley alimkuta Dr. Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, na tarehe 27 Desemba mwaka ule wakaondoka pamoja kwa mitumbwi kuelekea kusini, kisha wakashika njia ya nchi kavu kwenda Unyanyembe. Mwezi wa Januari 1872, walipokuwa wakipita Ukawendi, chakula kilikuwa haba katika msafara. Stanley akapiga twiga, mnyama ambaye leo haruhusiwi kuwindwa, wala hakufanikiwa. Livingstone akamwambia kwamba risasi zake zilikuwa laini mno kwa ngozi nene kama ile, akamshauri ayeyushe vyombo vyake vya zinki na kuchanganya madini hayo na risasi ili ziwe ngumu. Stanley akafanya hivyo, na baadaye akaangusha twiga, msafara ukala nyama. Mzee yule hakumwambia mwenziwe apige mara nyingi zaidi, wala asogeze moyo wake kwa ushujaa. Alimfundisha kufikiri kwanza juu ya ngozi ya mnyama na nguvu ya risasi, kama zalingana au hazilingani. Na zile zilikuwa bunduki kubwa! Sembuse hii yetu.

Bunduki ndogo tunayoizungumzia ni ile ya .22, ambayo tundu la mtutu wake lina upana wa milimita 5.6 hivi. Risasi yake ya kawaida, iitwayo .22 Long Rifle, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Kipande kirukacho kina gramu 2.6 hivi, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 330 au zaidi kidogo kwa sekunde. Sifa zake twazijua: risasi zake ni nyepesi kubeba, mlio wake si mkubwa, wala haimpigi mtu begani, hata mwanafunzi hujifunza kulenga bila ya kufumba macho kwa hofu. Gobori hutoa moshi mwingi, na mwenye nalo hana budi kushindilia baruti upya kila apigapo. Hii haina taabu hizo.

Lakini nguvu zake zina mpaka. Yafaa kwa kwale, kanga, njiwa, sungura na ndezi, kama leseni yawataja. Kwa pongo na nguruwe haifai. Pongo aliyepigwa kwa risasi hii ubavuni haanguki. Hukimbilia bondeni na kidonda chake, akafa siku ya pili au ya tatu mahali ambapo fisi pekee watamwona. Nyama imepotea, mnyama ameteswa, na leseni imetumika bure. Nguruwe aliyejeruhiwa aweza hata kumgeukia mwindaji.

Hapo hutokea ndugu mmoja akasema, "Mbona Bell aliua tembo kwa bunduki ndogo?" Ni kweli. W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda na nchi nyingine za jirani mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona ndogo mno kwa kazi ile. Lakini risasi yake ilikuwa ndefu na ngumu, yenye gramu 11 hivi, yaani zaidi ya mara nne ya hii yetu, na mwendo wake ulikuwa kama mara mbili. Tena Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone kwa macho yake ubongo unakaa wapi. Basi anayetaka kumtaja Bell na ataje na ule msumeno. Hakutegemea bahati, alitegemea kujua mahali pa kupiga, na kungoja mpaka mahali pale paonekane.

Katika kuchagua, shauri letu ni bunduki yenye komeo linalovutwa kwa mkono, ipigayo risasi moja kwa kila mvuto. Haina vyombo vingi vya kuharibika, nayo humfundisha mtu kwamba risasi ya kwanza ndiyo yenye kazi. Ile ipigayo mfululizo humfanya mwenyewe kuwa mtawanyaji wa risasi. Unapoinunua kwa mtu aliyeitumia, toa komeo, elekeza mtutu penye mwanga, uchungulie ndani: mifuo iliyomo iwe safi na yenye kung'aa, pasiwe na kutu wala uvimbe. Ifunge na kuifungua mara nyingi. Iweke begani ukiwa umefumba macho, kisha yafumbue; jicho lako likikuta shabaha bila ya kupinda shingo, kitako chake chakufaa. Na kabla ya fedha kutoka mfukoni, nambari iliyochorwa juu ya chuma ilingane na nambari iliyo katika karatasi. Karani asiyelinganisha nambari amesahau kazi yake.

Bunduki ikisha kupatikana, usiende porini. Nenda kwenye kingo ya udongo, mahali panaporuhusiwa, weka karatasi mbali ya mita 50, ulale chini, upige polepole mpaka risasi tano ziingie katika duara lisilozidi kifuniko cha kikombe. Ukiisha kuilinganisha shabaha kwa mita 50, jua kwamba kwa mita 100 risasi hiyo itakuwa imeshuka sentimita 15 au zaidi, na upepo wa milimani utaisukuma kando tena. Kwa hiyo mita 50 ndizo mpaka wako. Kanga aliye mbali zaidi si wako leo. Mkaribie, au mwache. Piga kichwa au shingo, au penye moyo kwa wanyama wadogo. Kama hukupata mahali pa kuegemeza mkono, keti. Kama pumzi yakwenda mbio kwa kupanda mlima, ngoja itulie.

Na sasa, ndugu, ile risasi iliyo mezani.

Jioni moja tulitoka watatu, makarani wote, na bunduki yenye karatasi zake zote. Tulikuwa tumepanda tangu saa nane pasipo kupata kitu, na jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Kanga mmoja akasimama juu ya jiwe, kwenye ukingo wa mlima, mbele yetu hatua 40 tu. Nyuma yake palikuwa na mbingu tupu. Tulimwona vizuri kama picha. Tukapiga, tukamkosa, naye akaruka. Tukacheka kidogo, kama watu wanavyocheka wakikosa.

Tuliposimama juu ya lile jiwe tukasikia ukelele upande wa pili. Tukashuka mbio. Njiani kutoka kisimani alisimama msichana wa miaka kama 10, na debe la maji kichwani. Debe lilikuwa na tundu moja ubavuni, na maji yalikuwa yakimtiririkia begani na mgongoni. Hakulia. Alikuwa amesimama vile vile, mikono yake imeshika debe, hajui kwa nini amelowa. Aliyepiga kelele ni nduguye mdogo. Tulipolitua debe na kulimwaga tukaikuta risasi hii chini yake. Kesho yake tulipima: tangu jiwe lile mpaka pale njiani ni hatua 410.

Tulikwenda kwa baba yake usiku ule ule, na asubuhi tukajipeleka wenyewe katika ofisi ya kijiji na kituo cha polisi. Mzee yule hakutufokea. Alitukaribisha viti, akaligeuza lile debe mikononi mwake kwa muda mrefu, akasema, "Mabwana, ninyi mlimwona kanga. Je, nyuma yake mliona nini?" Tukajibu kwamba hatukuona kitu. Akasema, "Basi mlimpiga mtu msiyemwona." Mpaka leo hatujapata la kumjibu.

Risasi ya .22 yaweza kufika zaidi ya kilometa 1 na nusu ikipigwa kwa kuinuliwa juu. Milima yetu ina mashamba pande zote mbili, na watu huchuma kahawa mahali ambapo mgeni angedhani ni pori. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mwindaji wa Kalinzi ni kutazama nyuma ya mnyama kabla ya kumtazama mnyama. Pawe na udongo wa mlima wa kuimeza risasi. Mnyama aliyesimama ukingoni mwa mlima hapigwi, hata awe hatua 10. Usipige penye mawe magumu, wala kuelekea ziwani au mtoni, kwa sababu risasi hudunda juu ya maji kama kijiwe warushacho watoto. Kidole kisiguse mtambo wa kufyatulia kabla hujakusudia kupiga. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi ndani, hata uliyoitoa risasi wewe mwenyewe dakika moja iliyopita. Na giza likianza kuingia, mwindaji na arudi nyumbani.

Ukipata kitoweo, kata na kutupa nyama iliyo karibu na kidonda, maana risasi ni sumu, na vipande vyake vidogo havionekani. Hudhuru watoto zaidi. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi pale Ujiji na hata hapa, wana sheria yao ya kuchinja, basi kisu kikali kiwe kiunoni na mwenye kuchinja awe karibu. Ukifika nyumbani, safisha mtutu na kuupaka mafuta, hasa katika miezi ya mvua. Bunduki ifungiwe mahali pake na risasi mahali pengine, na funguo zisikae mahali ambapo mtoto apajua.

Ndugu wanachama, wengine watasema tumewakatisha tamaa. Hatukukusudia hivyo. Bunduki ile tunayo bado, na leseni zetu tumezikata upya. Tangu siku ile tumekwenda porini mara tisa. Tumerudi na kanga wanne na sungura mmoja. Siku nyingine tulirudi na vumbi tu, tukala maharage. Debe la msichana yule tulilinunua jipya, na la zamani mzee alitupa sisi. Limetundikwa nyuma ya mlango, mahali ambapo hapana budi mtu kulitazama anapoichukua bunduki.