MAJI SAFI NI HAKI, SI HISANI
Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa mitaa ya Eastlands



Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991, tulitumaini kwamba vyama vingi vingetupatia viongozi wanaowajibika. Viongozi wamebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini katika mitaa yetu mifereji mingi bado hutoa maji kwa mgawo. Uchaguzi ukikaribia huja gari la maji lenye picha ya mgombea. Hiyo ni hisani, nayo hisani hukoma kura zikishahesabiwa.

Kwanza tuyatazame maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, na husafishwa Ng'ethu na kutiwa klorini kabla ya kuingia mjini. Hatari iko njiani. Maji yanapofungwa kwa ajili ya mgawo, bomba hubaki bila msukumo. Ikiwa lina ufa, au ni mpira uliopitishwa ndani ya mtaro wa majitaka, uchafu wa nje huingia. Maji yanapofunguliwa tena, uchafu huo ndio unaotangulia kufika jikoni. Kwa hiyo mgawo si usumbufu tu. Ni mlango wa kipindupindu, maradhi yaliyoukumba mji huu mwaka wa 2017 na tena mwaka wa 2023.

Wala tusidanganywe na macho. Kipimo kinadai kwamba mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe na hata kijidudu kimoja kitokacho kwenye kinyesi, na jicho haliwezi kuona hilo. Maji ya visima vilivyochimbwa kwa mashine nayo yanaweza kuwa na floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiasi ambacho huharibu meno ya watoto na, kikizidi sana, mifupa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Mama anayechemsha maji kwa bidii huenda bado anamnywesha mwanawe madhara, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha matokeo ya upimaji.

Sasa tuitazame sheria. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 imewapinga. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Serikali ikisema haina fedha, Kifungu cha 20 kinaitwika yenyewe mzigo wa kuthibitisha hivyo. Na Kifungu cha 22 kinamruhusu raia kwenda mahakamani kwa ajili ya wenzake, bila kulipa ada ya kufungua kesi. Kanuni za mwaka wa 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida.

Haya yamekwisha kujaribiwa karibu nasi. Mwaka wa 2010 wapangaji 12 wa Muthurwa walikwenda Mahakama Kuu, wakilalamika kwamba wanafukuzwa, nyumba zinabomolewa na maji yamekatwa. Mwaka wa 2011 mahakama iliwalinda kwa amri ya muda, na katika hukumu ya mwaka wa 2013 ikaitaka Serikali ieleze sera zake juu ya makao. Hao walikuwa wapangaji wa kawaida, si matajiri.

Lakini mahakama haiamui kwa manung'uniko, huamua kwa ushahidi. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ndogo ya kanisa iwe na daftari: siku maji yalipokuja, rangi na harufu yake, watoto walioharisha. Kina mama wanayajua haya kuliko wakili yeyote. Pili, tuandike barua chini ya Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016, tuombe matokeo ya upimaji wa maji ya mtaa wetu. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari hiyo yahusu uhai wa mtu. Tatu, wakinyamaza, tupeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na ikibidi mahakamani.

Tusiilaumu Serikali peke yake. Wanaotoboa bomba usiku na kuuza maji kwa mtungi ni majirani zetu, na wengine huketi nasi kanisani. Hao nao waambiwe ukweli, kwa upendo na bila woga.

Mgombea atakapokuja tena na gari lake, tuyapokee maji, maana watoto wana kiu. Kisha tumwulize mbele ya watu wote: matokeo ya upimaji wa bomba letu yako wapi?