Riwaya Moja, Nyumba Nzima

 Leo maneno yangu nayapeleka Chole, kile kisiwa kidogo kilichoelekeana na Utende, Mafia, ingawa mwenye watoto popote alipo na ayasikilize. Nataka tuwasomee watoto riwaya. Tuwasomee kwa sauti, nyumba nzima imekaa, sura moja kila usiku mpaka kitabu kiishe.

Nasema riwaya makusudi. Ngano za bibi ni nzuri na tusiziache, lakini huanza na kwisha usiku uleule. Riwaya humlaza mtoto na swali. Chukueni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952. Liwali Adili ni mtu mwema, anasifiwa na kila mtu, lakini kila usiku huwachapa manyani wawili. Kwa nini? Jibu liko mbele, tena linauma. Msomaji akikifunga kitabu hapo, nani atasahau kurudi kesho? Mtoto atakuja kabla hajaitwa, na mchana kutwa atakuwa amebishana na wenzake juu ya wale manyani. Mimi naona ubishi huo unamfaa kuliko mazoezi mengi ya ufahamu tunayompa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Kizungu. Hapana. Mwambao huu umesoma kwa sauti tangu zamani. Maulidi ya Barzanji husomwa na watu wakaitikia. Tenzi zilisomewa watu wasiojua hata herufi moja, nao wakazihifadhi. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alimtungia binti yake. Na watoto wa Chole wamekulia ng'ambo ya magofu ya Kua, kule kisiwani Juani. Wamesimuliwa merikebu iliyoshushwa majini juu ya miili ya watoto, na kisasi kilicholipwa siku ya harusi, wageni wakafungiwa chumba cha chini. Mtoto aliyeisikia simulizi hiyo hashindwi na riwaya yoyote.

Basi mpeni Kisiwa chenye Hazina. Kitabu hiki hasa kilizaliwa kwa kusomwa nyumbani. Mwaka 1881 Robert Louis Stevenson alikuwa Braemar, Scotland, amezuiwa ndani na mvua na baridi pamoja na jamaa zake, akiwemo Lloyd, mtoto wa mkewe. Akaanza kuandika hadithi ya maharamia ili kumfurahisha kijana huyo. Alichokiandika akawa anawasomea wote. Baba yake, mzee mhandisi wa minara ya taa, alinogewa kuliko mtoto, hata akakaa akaorodhesha vitu vya kutiwa ndani ya sanduku la baharia mmoja katika hadithi. Frederick Johnson aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka 1929.

Hebu fikirini kitabu hicho kikisomwa Chole, mahali ambapo mafundi bado wanaunda majahazi ufukweni. Mtoto wa mjini itabidi achorewe. Mtoto wa Chole ameuona mkuku ukilazwa na mataruma yakisimamishwa, anaijua foromali na anajua tanga linavyoshika upepo. Huyo ataweza hata kumsahihisha mwandishi! Na baba yake fundi, ambaye pengine shule aliiacha mapema, usiku huo atakuwa ndiye mwalimu wa nyumba, kila mtu akimgeukia yeye kuuliza chombo kingeweza kwenda hivyo au la.

Sisi wa redio tunaijua nguvu ya sauti inayosimulia. Waliokua wakimsikiliza Deborah Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana, enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, wana mvi sasa na bado wanaikumbuka sauti yake. Lakini redio haisimami ukiiuliza swali. Mtu aliyekaa nawe mkekani husimama.

Shuleni, tangu 2015, madarasa mawili ya mwanzo yametilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, na ndivyo inavyopasa. Hata hivyo mtoto anaweza kuzijua silabi zote na asione zimfae nini. Nyumbani ataona. Ndiyo maana nawaomba wazazi, usomaji huu msiugeuze mtihani. Msimkatize msomaji kila anapokosea neno, na msiwahoji watoto mwisho wa sura. Waacheni waulize wao.

Najua mtaniambia tumechoka. Ni kweli. Lakini si lazima msomaji awe baba au mama. Binti wa darasa la sita anatosha kabisa, naye atajiona mtu mzima. Mama anasuka ukili wake, kwani kazi hiyo yataka mikono na macho, masikio yamebaki bure. Bibi asiyejua kusoma anapata riwaya yake ya kwanza. Na usiku wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzisha taa zao, hata kaka wakubwa wako nyumbani. Taa moja na kitabu kimoja vinawatosha watu wanane.

Kitabu chenyewe ndicho shida, nami silifichi hilo. Vitabu vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwapo nchini tangu 1991, na Edwin Semzaba, yuleyule wa tamthilia ya Ngoswe, alituachia Marimba ya Majaliwa, riwaya ya watoto inayomzungusha kijana katika nchi yetu wenyewe. Lakini havifiki Chole vyenyewe. Kwa hiyo nawageukia ninyi wana wa Chole mlioko Dar es Salaam, Zanzibar na Mtwara. Mkituma mzigo Nyamisati upande boti ya Mafia, pamoja na mchele na sukari tieni riwaya moja ya watoto. Andikeni ndani jina la nyumba inakokwenda, na chini yake jina la nyumba ya pili itakayoipokea wa kwanza wakishamaliza.