MOTO, PIPA NA MSHAHARA KATIKA HOTELI NDOGO

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa memba wa hoteli na kantini)



Tumeombwa tuseme habari ya hoteli ndogo, jinsi inavyoweza kudumu bila kupoteza pesa na bila kumaliza miti ya nchi. Twaanza na jambo tunaloliona mara nyingi. Hoteli ikianza kushindwa, mwenyewe hukata kwanza mshahara wa mwosha vyombo, au humwachisha kazi kabisa. Sisi twasema ameziba mahali pasipovuja. Pesa zavuja motoni, na nyingine zavuja katika pipa la taka.

Tutazame moto. Katika tanuri za udongo za kawaida, kilo 1 ya makaa yaweza kula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Ukataji miti katika misitu ya umma ulipozuiwa Februari 2018, bei ya gunia ilipanda, na mwenye jiko bovu aliumia zaidi ya jirani yake. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023, lakini miti haioti kwa siku moja.

Wapishi wengi hudhani moto mkubwa huivisha upesi. Sivyo, maji yakisha kuchemka. Hata ukiongeza debe zima la makaa, joto la maji halipandi tena. Huongeza mvuke tu. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi, kwa ajili ya mwinuko wa nchi, huchemka kwa kama 94 au 95. Ndiyo sababu githeri ya huku hukawia kuiva kuliko ya pwani. (Utamu ni habari nyingine, na hatutaki ugomvi na ndugu wa Mombasa.) Basi sufuria ikichemka, ifunikwe, na mlango wa jiko uzibwe nusu. Mahindi na maharagwe yalowekwe tangu jioni. Na githeri ikiwa karibu kuiva, iondolewe motoni na kutiwa, pamoja na mfuniko wake, katika kikapu kikubwa kilichotandikwa matambara au nyasi kavu, kifunikwe vizuri. Itamalizika kuiva pale bila kaa hata moja, na jiko litakuwa huru kwa chai.

Jiko lenyewe nalo litazamwe. Lile la bati lenye udongo ndani, lililoanza kuuzwa Kenya miaka ya 1980, laweza kuokoa thuluthi mpaka nusu ya makaa kuliko la bati tupu. Lakini udongo ukipasuka, faida yake yapungua. Tumeona majiko ambayo udongo umekwisha zamani na mwenyewe bado ajisifu kuwa analo jiko la kisasa.

Hapa twataka wenye hoteli watusikilize sana. Moshi wa kuni waingia kifuani mwa mpishi kila siku, na makaa yana hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu chumbani palipofungwa. Mtu asifunge dirisha kwa kusema anaokoa joto. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi penye hewa ya kutosha. Akiba inayopatikana kwa mapafu ya mfanyakazi hatuihesabu kuwa akiba.

Sasa pipa. Kwa muda wa juma mbili, kila jioni, pimeni kinachotupwa kwa sufuria au kwa debe, mwandike katika daftari: ugali kiasi gani, mboga kiasi gani, chapati ngapi. Mtajua siku zipi mnapika kupita wateja. Tuseme sahani 6 za maharagwe hutupwa kila siku, na hoteli hufungua siku 26 kwa mwezi: hizo ni sahani 156, pamoja na mafuta, vitunguu na makaa yaliyozipika. Afadhali kupika sufuria mbili ndogo kuliko moja kubwa, ya pili iwekwe motoni wateja wakianza kuonekana.

Maganda na makombo yatengwe na taka nyingine. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka hivyo, na mfugaji wa nguruwe atayachukua kwa furaha. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na wengi wamekwisha zoea. Mteja anayekuja na bakuli lake apewe chakula bila kununishwa.

Neno moja kwa wenye hoteli. Mwosha vyombo ndiye aonaye sahani zinavyorudi. Mwulizeni. Na makaa yakipungua kwa kazi ya mpishi, yeye apate sehemu yake katika mshahara. Asipopata, mwezi ujao hatajisumbua kufunika sufuria, nasi hatutamlaumu.

Daftari zenu zije katika mkutano ujao. Kamati itakaa na kila mmoja, bila kusoma hesabu zake mbele ya wengine.