Kabla ya Kukubali Kwamba Madabodi Imekufa
Hotuba kwa wakufunzi na wanagenzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti



Mkazi anapopeleka laptopu isiyowaka kwa fundi, jibu analopewa mara nyingi ni moja: madabodi imekufa. Bei ya kununua nyingine huweza kukaribia bei ya laptopu ya mtumba. Mwanafunzi aliyebakiza wiki mbili kuwasilisha mradi wake, au mwenye duka aliyeweka hesabu zote humo, hulipa au huitupa mashine. Ilhali huenda kilichoharibika ni kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mchele, ya shilingi chache.

Kapasita huhifadhi umeme kidogo na kuutoa upesi mzigo unapobadilika, ili volti zisiyumbe. Kwenye madabodi kuna mamia. Nyingi ni za kauri, rangi ya kahawia, bila maandishi. Ikipasuka ndani, huweza kushika shoti: umeme unapita moja kwa moja hadi upande hasi. Chaja huhisi hivyo na kujikinga, ndiyo maana taa yake huzimika punde inapochomekwa.

Fundi huondoa chaja kwanza, kisha betri. Hatua hii hairukwi, kwani kupima omu penye umeme hutoa jibu la uongo na huweza kuharibu multimita. Ncha nyeusi huwekwa kwenye chuma cha tundu la skrubu, ambacho kwa kawaida kimeungwa na upande hasi. Nyekundu hugusa upande mmoja wa kapasita, halafu wa pili. Upande mmoja kulia ni kawaida. Pande zote mbili zikilia, pana jambo la kuchunguza.

La kuchunguza, si la kuhukumu. Hapa ndipo wengi hupotoka. Multimita nyingi hulia hata penye makumi ya omu, na njia ya umeme wa prosesa huweza kusoma omu chache tu ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo namba isomwe; mlio pekee hautoshi. Kwenye njia nzima ya volti 19 kutoka kwa chaja, namba huanza chini na kupanda kadiri kapasita zinavyojaa. Ikiganda karibu na 0, hiyo ni shoti.

Tena, kapasita nyingi zimeungwa sambamba kwenye njia moja. Moja ikishika shoti, zote zitasoma shoti. Anayeng'oa ya kwanza iliyolia huenda akang'oa ishirini nzima, na mwishowe akute mkosaji alikuwa mosfeti. Kwa sababu hiyohiyo, kupima mikrofaradi za kapasita ikiwa bado ubaoni hakuaminiki: multimita husoma na jirani zake.

Fundi mwangalifu hupitisha volti ndogo, takriban 1, kutoka kwa pawasapulai ya mezani, huku akiwa amepaka alkoholi ya isopropili juu ya ubao. Kipande chenye shoti hupata joto, na alkoholi hukauka hapo kwanza. Hukitoa kwa hewa moto, kisha hupima tena. Namba ikipanda, amempata.

Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi. Za tantalumu zina mstari upande wa chanya. Zile za mkebe wa alumini, mstari ni wa hasi. Ikigeuzwa, huweza kulipuka.

Mteja naye asinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayolipia. Aulize ni njia gani yenye shoti na multimita ilisoma ngapi. Na kabla ya kuiacha laptopu kwa vipuri, adai diski yake. Mara nyingi hushikwa kwa skrubu chache tu, na faili zake husomeka kwenye kompyuta nyingine hata madabodi isipopona, mradi haikulehemewa ubaoni na nywila yake haijapotea.